Sura ya Nne: Kidole Kimoja, Kadi Mbili

Saa kumi na mbili na nusu za Jumapili asubuhi Inspekta Rebecca Ukumu alikuwa amekwisha kuisoma ile kadi mara nne, na kila aliposoma alizidi kukasirika, kwa sababu ilikuwa kadi nzuri. Picha safi, mtoto anatazama mbele. Jina: Jemima. Umri: miaka sita. Mama: Solange, muuza samaki, anaishi mtaa wa Saio. Simu mbili. Alama kumi za vidole kwa wino mweusi, kila moja kwenye kisanduku chake. Alama ya mwili: kovu la moto chini ya wayo wa kulia. Chini kabisa mhuri wa duara, wa zambarau, wa chama cha Jicho la Jirani, na namba 41. Kadi ilijua kila kitu kuhusu mtoto huyo, ila haikujua alipo.

Aliyeileta alikuwa ameketi mbele yake. Solange hakuwa amelala. Alivaa kitenge kile kile cha jana, na bado kilinuka mafuta ya kukaangia.

"Tangu saa tisa ya jana, Mama Inspekta. Nilimuacha karibu na hema ya bale ba karatasi, anacheza na benzake. Mi nikarudia kwa samaki yangu. Saa tisa naenda kumuangalia, haiko. Saa sita banamutengenezea karatasi ya kumulinda, saa tisa anapotea! Ile ni bahati gani?"

"Si bahati," Rebecca alisema. "Njo maana nataka uanze tena. Pole pole."

Solange alianza tena. Jana ilikuwa kermesse, sikukuu ya mtaa pale Nyakasanza: ngoma, mbio za magunia, kwaya tatu zilizoshindana kwa kelele kuliko kwa nyimbo. Chini ya hema la turubai, watu wa kujitolea wa Jicho la Jirani walikuwa wakitengeneza kadi za utambulisho wa watoto, bure, ili mtoto akipotea mzazi awe na cha kuwapa polisi. Rebecca hakuona kosa katika wazo hilo. Watu wa Bunia wamekimbia mara nyingi, na kila mara kuna mama aliyefika alikokwenda na mkono mtupu.

Nje, langoni, watu kama thelathini walikuwa wakipiga kelele. Walimtaka Gauthier, mpiga picha wa chama. Walimleta wenyewe kabla ya jua kutoka, shati limechanika, na Rebecca akamtia mahabusu kwa ajili ya usalama wake. Tofauti kati ya kumlinda mtu na kumfunga aliwaeleza mara mbili, na mara zote mbili walimpigia makofi kwa kumfunga.

"Yeye njo alipiga foto ya batoto bote," Solange alisema. "Banamuomba simu, banafungua, hakuna hata foto moja. Alifuta! Mutu musafi anafuta juu ya nini?"

Swali lilikuwa na uzito. Rebecca alikwenda kumuuliza mwenyewe.

Gauthier alikuwa amekaa sakafuni, magoti kifuani. Alisimama alipomwona.

"Ulifuta foto?"

"Yote, shefu."

"Lini?"

"Moja moja. Napiga, naprinta, nafuta mbele ya muzazi. Ile njo sheria yetu. Siye hatubakie na kitu. Jina, foto, namba ya simu, vyote vinaenda na muzazi. Unajua apa kwetu. Liste ya batoto ikianguka mu mikono ya batu ba pori, bale ba bunduki..."

Hakukuwa na haja ya kumaliza. Rebecca alijua watu wa bunduki hutumia orodha kama hizo kuchukua watoto.

"Saa tisa ulikuwa wapi?"

"Kwa meza. Sikutoka hata kwenda kujisaidia."

"Nani alikuona?"

"Abigaël. Njo mukubwa wetu. Mi napiga foto, yeye anatia batoto wino mu vidole, anaandika, anapiga kashe, ile muhuri ya chini. Siye bawili tu."

"Kadi ngapi?"

"Cent douze."

Mia moja na kumi na mbili, na hakuna hata nakala moja. Rebecca alijikuta akiwasifu watu hao moyoni na papo hapo akiwalaani. Wangekuwa wazembe kidogo tu, kazi yake ingekuwa nusu.

Abigaël aliitwa, akafika saa moja na dakika kumi, amekumbatia boksi la katoni. Alikuwa mwalimu wa watoto wadogo, mwembamba, mwenye kuvaa saa upande wa ndani wa mkono. Vidole vyake vilikuwa bado na zambarau kwenye kucha.

"Mu boksi kuna nini?" Rebecca aliuliza.

"Takataka, shefu. Tulisema tutachoma kesho, lundi. Niliposikia mutoto amepotea nikaona nisichome kwanza."

Rebecca alifungua. Ndani mlikuwa na karatasi za mitihani ya zamani, na nyuma ya kila karatasi madoa ya gumba, mistari kwa mistari.

"Tampo yetu inatoaka wino mingi," Abigaël alieleza. "Mutoto akigusa kadi moja kwa moja inakuwa tope. Basi kwanza anatia gumba ya kuume apa, mara moja, ya kupunguza wino. Kiisha, kadi."

"Kila mutoto?"

"Kila mutoto. Banapenda sana."

"Ulifuata mustari, ao wanatia popote?"

Abigaël alionekana kuumia kidogo. "Mi niko mwalimu, shefu. Ishirini kwa karatasi. Mistari ine, tano tano. Na karatasi ziko vile vile nilizipanga."

Rebecca alizitandaza mezani, karatasi sita, akachukua kioo cha kukuzia ambacho mpini wake ulikuwa umefungwa kwa plasta. Alichotaka mwanzoni kilikuwa kidogo tu: kujua kama kazi pale mezani ilisimama hata mara moja, kwa maana kama haikusimama, basi Gauthier hakuondoka. Alihesabu. Mia moja na kumi na mbili kamili, hakuna pengo. Mpiga picha hangeweza kupiga picha za watoto sabini waliomfuata Jemima na wakati huo huo kumwiba mmoja.

Hapo mtu mwingine angefunga boksi. Rebecca alikuwa na tabia ambayo wenzake waliichoka, ya kutoacha karatasi kabla ya kufika mwisho wake. Kadi ya Jemima ilikuwa ya 41, kwa hiyo gumba lake lilipaswa kuwa la kwanza kwenye karatasi ya tatu. Alilitafuta. Lilikuwapo, na kwenye karatasi kama kwenye kadi, mstari mweupe mwembamba ulilikata gumba kwa mshazari.

"Hii mustari ni nini?"

"Kisu ya majani ya sombe," Solange alijibu kutoka pembeni. "Mwaka juzi. Alitaka kunisaidia kukata."

Rebecca aliendelea. Karatasi ya tatu, mpaka mwisho. Karatasi ya nne, ambako wino uligeuka kutoka mweusi kuwa zambarau. Mstari wa kwanza. Mstari wa pili. Kidole chake kilisimama kwenye doa la tatu. Alirudi kwenye kadi, akarudi kwenye karatasi, akavuta pumzi. Mstari mweupe, wa mshazari, mahali pale pale.

"Abigaël. Njoo utazame. Hii ni namba ngapi?"

Mwalimu alihesabu kwa midomo. "Soixante-huit." Kisha akashika shavu. "Mungu wangu."

Sitini na nane. Mtoto yule yule, gumba lile lile, alikuwa amepita mezani mara mbili.

"Wino iligeuka saa ngapi?" Rebecca aliuliza, na sasa sauti yake ilikuwa imekauka.

"Saa nane na kitu. Nyeusi iliisha, tukatumia ya kashe. Kwaya ya pili ilikuwa inapanda."

"Kumbuka huyo wa soixante-huit."

"Shefu, batoto cent douze..."

"Huyu alikuja na wino mweusi mkononi, na siku ile wino mweusi Nyakasanza nzima ulikuwa kwa meza yako. Kumbuka."

Abigaël alifumba macho. Alipoyafumbua yalikuwa na machozi. "Nilimupangusa na ndimu. Nilisema, weye ulicheza na wino ya kaka yako? Akacheka. Mi nikacheka naye. Nilimupangusa mi mwenyewe!"

"Aliyemleta ulimuomba karatasi?"

"Nani apa iko na karatasi, shefu? Nusu ya bale bamama, nyumba iliungua na kila kitu. Ukimuomba mama carte mbele ya mutoto yake, unamutukana. Tulipatana hatutaomba."

"Na kashe? Nani alisema mupige kashe?"

"Siye hatukutaka! Bazazi njo balikataa. Balisema karatasi bila kashe ni ya kufungia kalanga. Kumi za kwanza balirudisha. Nikatuma batengeneze kashe mbio mbio."

Rebecca aliegemea kiti. Sasa aliona jambo zima, na hakufurahi, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa na mkono ndani yake. Tangu mwezi wa tatu, wale waliokuwa wakichukua watoto wa watu kwenda kuosha sahani na kubeba maji Mongbwalu, kwenye machimbo ya dhahabu, walikuwa wakirudishwa kwenye kizuizi cha barabarani. Hakuna karatasi ya mtoto, hakuna kupita. Barua ya kuomba amri hiyo aliiandika yeye, akaifuatilia ofisi kwa ofisi mpaka ikakubaliwa. Na jana, kwenye sikukuu, mtu alikuwa amepata bure karatasi yenye picha, vidole na mhuri, inayosema mtoto ni wake.

"Mulifungua ofisi ya pasipoti chini ya turubai," alisema.

Abigaël alilia waziwazi. Rebecca alimhurumia, lakini hakuwa na muda wa kumbembeleza.

"Utalia kiisha. Sasa niambie huyo mama."

"Alikuwa na haraka. Aliomba niandike adresse ya Mongbwalu. Alikuwa na kikapu ya samaki ya kukausha, imefungwa na mupira ya tairi. Ilinuka mpaka nikasogeza kadi."

Solange aliinuka. "Imefungwa namna gani?"

"Kama misalaba mbili. Na fundo iko kando."

"Ile ni mukono yangu." Solange alisema polepole, kana kwamba alikuwa akijisomea. "Fundo kando ni namna yetu ya Mahagi, ya kwa ziwa. Pale soko hakuna mwingine anafunga vile. Na kikapu nilifunga moja tu, juzi vandredi. Niliuzisha Mama Marie-Claire, wa restora ya Mongbwalu. Lakini yeye aliniaga! Alisema jana samedi asubuhi anapanda gari."

"Anamjua Jemima?"

"Juma nzima alikuwa anakuja. Alikuwa anamutania: twende na miye, utaniosheaka sahani. Siye tulikuwa tunacheka." Alijipiga paji la uso. "Nilikuwa nacheka!"

Saa ya ukutani ilionyesha saa mbili kasoro dakika tano. Magari ya Mongbwalu hayaondoki alasiri. Aliyetoka kwenye hema saa tisa hakuwa na njia ila kulala mjini. Na leo kizuizi kingefunguliwa saa tatu. Rebecca alipiga simu ya kizuizini mara tatu, ikamjibu sauti ile ile ya mitambo. Akaiweka simu mfukoni.

"Gauthier!" aliita. "Uko na pikipiki?"

"Niko nayo, shefu. Bado sijajua kama iko na vioo."

Haikuwa na vioo, lakini iliwaka. Umati langoni ulinyamaza ulipomwona Solange, mama mwenye msiba, akipanda nyuma ya mtu waliyetaka kumuua na kumshika kiunoni. Rebecca alipanda nyuma ya pikipiki ya askari wake. Hakuwaeleza kitu wale watu. Aliona wamekwisha kupata maelezo ya kutosha.

Kizuizini magari manne yalikuwa yamepangana. La tatu lilikuwa Land Cruiser iliyojaa magunia mpaka juu ya paa, na kwenye benchi la nyuma, kati ya magunia mawili ya chumvi, aliketi mwanamke mnene mwenye sura ya upole. Mapajani mwake alikuwa mtoto mwenye gauni jipya na viatu vipya vya plastiki. Kikapu kilikuwa miguuni pao.

Solange alitaka kukimbia. Rebecca alimshika mkono, kwa nguvu.

"Ngoja. Ukimurukia, itakuwa wamama wawili wanagombana, na yeye iko na karatasi."

Kweli alikuwa nayo. Sajenti Michel, mkubwa wa kizuizi, alikuwa tayari ameishika, akiisoma kwa heshima.

"Karatasi iko muzuri, shefu," alimwambia Rebecca. "Ina kashe."

"Nionyeshe."

Namba 68. Jina: Dorcas. Umri: miaka sita. Mama: Marie-Claire, Mongbwalu. Vidole kumi vya zambarau, gumba la kulia limekatwa kwa mshazari. Picha ya Jemima akicheka. Rebecca alitoa kadi ya 41, akaziweka pamoja kwenye kiganja cha sajenti.

Michel alitazama moja, akatazama nyingine. "Mutoto moja?"

"Mutoto moja."

"Kashe moja?"

"Kashe moja."

"Sasa ya kweli ni gani?"

"Ni ya kwangu," Marie-Claire alisema kutoka juu, bila wasiwasi. "Mutoto ni ya mudogo yangu, mwenye alikufa. Nimemulea tangu tumbo ya mama yake ilimutoa. Ile mama ya samaki namujua, tangu juma nzima anamupenda mutoto huyu, anamupatia samaki bure. Ameenda kumutengenezea karatasi ya uongo. Mumuulize."

Abiria walianza kumtazama Solange kwa jicho baya. Hata Michel alimtazama. Uongo ule ulikuwa umekatwa vizuri, ulimwenea Solange kabisa, na Rebecca alihisi damu ikimpanda. Akaishusha.

"Hatumuulizi," alisema. "Tunauliza kadi. Sajenti, soma alama ya mwili kwa ile ya soixante-huit."

"Hakuna."

"Mama Marie-Claire, ni weye ulisema hakuna?"

"Miye. Hana."

"Na weye unamuogesha?"

"Kila siku ya Mungu. Tangu mutoto mudogo."

"Mwili yake unaijua yote?"

"Kama yangu."

"Vizuri. Sajenti, soma ya quarante et un."

Michel aliisogeza kadi karibu na macho. "Kovu ya moto, chini ya wayo ya kuume."

Mkono wa Marie-Claire uliteleza kuelekea kiatu cha mtoto, kisha ukasimama. Rebecca aliuona, Michel pia aliuona. Inspekta alipanda kwenye ngazi ya gari, akamvua mtoto kiatu cha kulia, taratibu, akaugeuza wayo ili sajenti na abiria wote wauone. Kovu lilikuwa pana, limekunjamana, la zamani.

"Alikanyaga makaa akiwa na miaka mbili," Solange alisema. "Nilikuwa nimeenda kuteka maji."

Michel alipomwambia Marie-Claire ashuke, alishuka mwenyewe, akisahau kikapu. Dereva alianza kulalamika kuhusu saa.

"Haya," Rebecca alimwambia Jemima, akimnyooshea mikono. "Tushuke. Mama yako njo huyu."

Mtoto hakusogea. Alijibana kwenye gunia, akamtazama Solange kama anayetazama mtu wa ofisini.

"Jemima!" Solange alisogea. "Ni miye!"

"Si ulisema niende?"

"Nilisema nini?"

"Mama Marie-Claire alisema ni weye. Alisema ulinipeleka kwa hema banitie wino juu ya safari. Ati mutoto anatiwa wino akienda kukaa kwa batu bengine." Alivuta kamasi. "Yeye akanirudisha kwa hema, mara ya pili, ya kumalizia. Nililia kidogo tu. Kiisha nikanyamaza, juu usikasirike."

Solange alishika ukingo wa gari kwa mikono miwili. Usiku kucha alikuwa amemfikiria mwanawe akilia na kumwita. Hakuwa amefikiria hata mara moja kwamba mtoto yuko mahali fulani, amekaa kimya, akijaribu kuwa mtoto mzuri wa kupewa watu. Rebecca aliona jinsi lilivyompiga, na akageuza uso.

Solange hakumvuta mtoto. Alipanda garini, akasukuma gunia, akaketi kando yake juu ya chumvi.

"Sikusema uende," alisema. "Sitasema hata siku moja."

"Na wino?"

"Wino ni juu batu bote bajue weye iko mutoto wangu. Ile tu."

Jemima alifikiri. Dereva alipiga honi. Magari ya nyuma yakaitikia, na mtu akapiga kelele kwamba barabara imefunguliwa, watu wana safari. Rebecca alitembea mpaka mbele ya Land Cruiser, akasimama katikati ya barabara, mikono nyuma.

"Zima," alimwambia dereva.

"Mpaka saa ngapi, shefu?"

"Zima."

Injini ilizimwa. Michel, bila kuulizwa, aliteremsha tena miti miwili ya kizuizi aliyokuwa ameanza kuipandisha. Kulikuwa kimya, na katika kimya hicho walimsikia Solange akiongea chini chini, maneno yasiyomhusu mtu mwingine. Iliendelea muda mrefu. Hakuna aliyepiga honi tena.

Kisha mguu mdogo, mtupu, ulinyooshwa kutoka kati ya magunia, ukawekwa juu ya kitenge cha Solange.

"Nivalishe," Jemima alisema.